Maziwa Juu ya Jiwe la Mpaka

Mama alinifunga uzi bila kufikiri, na mimi nikampa mkono bila kufikiri.

Nilikuwa nimechuchumaa kizingitini kwake, huko Aalankurichi, vidole vimejaa unga wa mchele, namalizia kuchora ua la mwisho mlangoni kwa ajili ya sikukuu ya Mama wa Mpaka, mungu mlinzi wa mji. Ngoma ikalia hekaluni. Mama akatoka na sahani ya vipande vya manjano mabichi na nyuzi zilizochovywa, akajifunga wake kwa msaada wa meno, kisha akanishika kifundo cha mkono kama alivyonishika kila mwaka tangu utotoni. Akazungusha uzi. Akakaza fundo.

Tukatazamana.

"Ole wangu," akasema. "Wewe umeolewa."

Binti aliyeolewa nje ya mji si wa mji tena. Ngoma ikilia, haimhusu. Anaweza kula wali wa sikukuu, akafuta mdomo, akapanda basi akaenda zake. Lakini aliyefungwa uzi amefungwa, awe nani. Havuki mpaka hadi Mama wa Mpaka azungushwe mji mzima, arudishwe ndani, na nyuzi zote zikatwe na kutupwa bwawani. Hiyo ni wiki nzima na zaidi. Nami nilikuwa nimekuja asubuhi ile tu kumsaidia Mama kusafisha nyumba kwa sababu ya goti lake. Mwanangu Kuyili, ambaye hata kujigeuza kitandani alikuwa bado hajui, nilimwacha kwa mama mkwe kijijini Sennivayal, ng'ambo ya mfereji, nikiwa nimemnyonyesha akashiba na kusinzia. Nilikusudia kurudi kabla jua halijawa kali.

"Si walisema ngoma italia jioni?" nikauliza.

"Kuhani kaiwahisha. Ameona saa ya jioni ina kisirani."

"Basi tukate. Kata upesi, hakuna aliyeona."

"Poongodi! Usithubutu kutamka hivyo, tena umekaa kizingitini!"

Na aliyeona alikuwapo. Shangazi Sellayi, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama mlangoni kwake na ufagio mkononi. Huyu si shangazi yangu wa damu. Ni shangazi wa mtaa mzima, na mdomo wake pia ni wa mtaa mzima.

"Haa! Mama Poongodi!" akapaza sauti. "Leo umejipatia mfanyakazi wa bure! Mkwe wako atajipikia mwenyewe, ale majivu!"

Akacheka peke yake. Halafu kicheko kikamkauka, maana yeye ndiye aliyemkanda Kuyili kwa mafuta siku za mwanzo, na alijua nimemwacha wapi.

"Mtoto je?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

Nilikuwa natazama juu ya kichwa chake, kwenye matawi ya mwarobaini yaliyoning'inizwa mlangoni pake. Mwarobaini mlangoni maana yake ni moja: tetekuwanga imeingia nyumba hiyo. Mjukuu wake alikuwa amelala ndani, mwili mzima malengelenge. Nyumba nyingine mbili mtaani zilikuwa zimetundika matawi kama hayo. Sisi husema Mama wa Mpaka ametembelea, tunampikia uji wa baridi, tunasubiri aondoke kwa hiari yake. Mimi alishanitembelea nikiwa mdogo, sikuwa na wasiwasi kwa ajili yangu. Lakini mtoto mchanga haletwi mahali pa namna hiyo.

Kwa hiyo Kuyili asingeweza kuja kwangu, nami nisingeweza kwenda kwake.

Nikampigia simu mume wangu. Vaithi ni mtu wa mzaha, na kwanza alidhani ni mzaha.

"Umefungwa uzi? Na mama yako mwenyewe? Huyo mzee ananichukia tangu siku ya harusi, nilijua."

"Baba Kuyili, sikutanii."

Nyuma yake nilisikia sauti ya Kuyili, si kilio bado, ule mguno wa kutafuta. Titi langu la kushoto likaitikia lenyewe. Blauzi ikalowa pale pale nilipokaa.

"Mama anamwandalia maziwa ya kopo," akasema Vaithi. "Usiogope. Njaa ikimkolea atakunywa."

Hakunywa. Kila alichopewa kwa kijiko alikitema, na alichomeza alikitapika. Mchana mama mkwe alinipigia simu kunikaripia, alasiri akapiga kuniuliza dawa ya mchango, na jua lilipokuwa linatua alipiga akashika tu simu karibu na mtoto ili nisikie. Nilikamua maziwa kwenye bakuli. Mama alikuja akakaa kando yangu, akalitazama lile bakuli kama mtu anayetazama nyoka.

"Hayawezi kwenda," akasema.

"Najua."

"Kitu cheupe hakitoki mjini wakati wa uzi. Chumvi, chokaa, mtindi..."

"Mama, najua! Nimekulia hapa!"

Tukayamwaga kwenye shina la mgomba. Sijui kama umewahi kumwaga maziwa yako mwenyewe ukiwa unamsikia mwanao analia kwenye simu.

Asubuhi Vaithi alimpeleka zahanati. Muuguzi akasema mtoto hana ugonjwa, ana ukaidi na kiu. Asiponyonya kabla ya jioni watamtundikia maji, tena huko hospitali kubwa, na mishipa ya mtoto wa umri ule kuipata ni kazi. Vaithi alinieleza hayo taratibu, bila hata mzaha mmoja. Kilio cha Kuyili kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa chembamba, kama cha paka aliye mbali.

"Naondoka," nikamwambia Mama. "Nakata uzi, naondoka. Yatakayonipata yanipate."

"Hayatakupata wewe," akasema Mama. "Hilo ndilo usiloelewa. Hayakupati wewe."

Kila mtoto wa Aalankurichi anajua habari ya bibi harusi aliyetoroka. Alivuka na uzi mkononi, usiku wa tatu wa sikukuu, akamfuata mumewe. Alifika salama. Akala, akalala. Asubuhi alikuta nyumba nzima ina malengelenge, kuanzia mkwe hadi ndama zizini, na yeye pekee ngozi yake ni laini kama ganda la yai. Aliwazika mmoja mmoja. Huadhibiwi wewe. Unambeba Mama wa Mpaka mgongoni bila kujua, unamfikisha kwa uwapendao, naye akishafika hana haraka.

Unaweza kucheka. Nami mjini Madurai, nilikosomea ushonaji, niliwahi kuisimulia na wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini pale, barabara nzima ina harufu ya manjano na mwarobaini, mjukuu wa Sellayi anakohoa dirishani, sikuwa na kicheko hata kimoja.

Mama alichechemea hadi hekaluni kumwona kuhani. Huyu kuhani, Sadaiyan, ni kijana. Ukuhani aliurithi juzijuzi baba yake alipopooza, na hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yake ya kwanza. Mama alirudi naye. Macho ya kijana yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na majivu aliyojipaka kwenye paji yalikuwa yameshachuruzika kwa jasho.

"Dada, siwezi kukulegezea," akaniambia. "Ningeweza ningefanya. Baba yangu hasemi siku hizi, ningemuuliza nani? Nikikosea mwaka huu watu watasema nini?"

"Watu? Mwanangu anakufa kiu, nawe unawaza watu?"

Akainamisha kichwa. "Mwite mumeo amlete mtoto kwenye jiwe. Yeye asimame upande wake, wewe upande wako. Tutaangalia."

"Tutaangalia nini?"

"Sijui, dada. Tutaangalia."

Jiwe la Mama wa Mpaka liko juu ya tuta la mfereji, katikati ya njia, mahali mji unapokwisha. Ni jiwe jeusi, pana, linafika kiunoni, limepakwa mafuta miaka mingi hata linang'aa kama limelowa. Halina uso. Wamelifunga kitambaa chekundu na kulitia madoa ya manjano, basi. Hekalu lote la mjini, pamoja na mnara wake na sanamu zake za rangi, ni nyumba tu aliyojengewa baadaye; yeye mwenyewe ni lile jiwe. Upande wa huku ni mji. Upande wa kule si mji. Jiwe lenyewe haliko huku wala kule, na kitu kikishawekwa juu yake, jogoo, nazi, kitambaa, ni chake. Hakirudi. Hata mbwa wa Aalankurichi hawali kilicho juu ya jiwe.

Tulifika jua likiwa utosini. Saa kama hiyo hakuna mwenye akili anayepita tutani. Ni saa ambayo vivuli vinaingia chini ya miguu ya watu na kila kitu kinatazama. Lakini Sellayi alikuwa ameshapeleka habari, na nusu ya mtaa ilikuwa nyuma yetu, na ngoma mbili.

Vaithi alikuwa amesimama ng'ambo, Kuyili kifuani ndani ya kanga ya mama mkwe wangu. Niliuona mguu mmoja tu wa mtoto, umening'inia, hautikisiki.

"Yuko hai," Vaithi akaniwahi. "Yuko hai, Poongodi. Amechoka tu."

Nikasogea hadi ncha za vidole vyangu zikagusa mstari wa chokaa waliouchora kulizunguka jiwe. Ndipo mabishano yakaanza.

"Aegemee mbele, amnyonyeshe akiwa huko huko," akasema mwanamke mmoja.

"Kifua kikivuka, si amevuka?" akajibu mwingine.

"Miguu ndiyo inayovuka, shoga. Kifua hakitembei."

"Chako hakitembei! Chake kina uzi mkononi!"

Wengine wakacheka. Sellayi akawazomea wanyamaze. Kuhani Sadaiyan akasema hata unywele usivuke, halafu akasema labda, halafu akasema hapana. Maziwa yalikuwa yananichuruzika hadi tumboni, mbele ya watu wote, na sikuwa na hata nafasi ya kuona haya.

"Mlete yeye huku," mtu akasema.

"Akiingia hatoki!" Mama yangu akafoka. "Akae humu kwenye mwarobaini wiki nzima? Mnataka kumzika?"

Kuyili akalia. Kile kilio chembamba. Vaithi akatazama huku na huku kama mtu aliyezingirwa na maji, halafu akatazama jiwe.

"Nimweke hapa katikati," akasema. "Kwa muda mfupi tu. Wewe uiname umnyonyeshe, miguu yako ibaki kwenu. Hapa si huku wala kule."

Alikuwa ameshamnyanyua. Yeye ni wa Sennivayal, wao wana miungu yao, hakujua. Watu wote walipiga kelele kwa pamoja, na Mama alipiga kelele iliyozidi za wote, hata ngoma ya mmoja wa wapigaji ikadondoka ikabingirika tutani. Vaithi aliganda, mtoto mikononi, kiasi cha shibiri kutoka kwenye jiwe.

"Usimweke!" nikasema. "Baba Kuyili, rudi nyuma. Ukimweka hapo umempa. Rudi nyuma!"

Akarudi nyuma. Sijawahi kumwona mtu anarudi nyuma kwa woga ule.

Sikupanga kufanya nilichofanya baadaye. Ninachokumbuka ni kwamba niliuangalia ule mguu mdogo, nikauona haujikunji hata pale alipotikiswa. Nikaipandisha sari magotini, nikashika jiwe kwa mikono miwili, nikapanda juu yake, nikakaa.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo lilinitisha kuliko kelele. Mfereji ulisikika ukipita chini.

Na jiwe lilikuwa baridi. Jua lilikuwa linalichoma tangu asubuhi, jeusi, limejaa mafuta, lilipaswa kuniunguza. Lilikuwa baridi kama sakafu ya kisima. Ubaridi ukapanda mapajani, ukapita tumboni, na maziwa yakashuka kwa nguvu hata nikaguna.

"Nipe," nikasema. "Mimi siko mjini. Nipe mwanangu, usiniguse."

Vaithi alimteremsha mapajani mwangu kama mtu anayeachia yai. Kuyili alitafuta, akakosa, akatafuta tena, kisha akakamata. Nilisikia maumivu hadi kisogoni. Akavuta. Akameza. Nilimsikia akimeza, na kila alipomeza nilikuwa nasema moyoni si wako, ni mimi niliyepanda, yeye amekaa juu yangu tu, si wako. Nilikuwa naongea na kilichokuwa chini yangu.

Nilimhamishia titi la pili. Mguu ukajikunja. Kidole gumba kikasimama, kama afanyavyo akifurahi, na Vaithi alipokiona aliangua kilio palepale njiani, mkono mdomoni.

Nilipoinua macho, watu walikuwa wamesogea karibu.

Mwanamke niliyesoma naye shule ya msingi alikuwa anapasua nazi mbele ya mstari wa chokaa. Mwingine alivua shada la jasmini kichwani mwake, akaliweka karibu na goti langu. Hakuliweka kwangu, aliliweka kwenye jiwe, lakini mimi ndiye niliyekuwa juu ya jiwe. Kafuri ikawashwa. Mpiga ngoma akaokota ngoma yake, akaanza kupiga ule mdundo wa taratibu, ambao hupigwa Mama wa Mpaka anapotolewa nje.

"Jamani," nikasema. "Mimi Poongodi. Namnyonyesha mtoto, nashuka sasa hivi."

"Mama wa Mpaka anasema atashuka," mtu akanong'ona, na neno likapita nyuma, kutoka mdomo hadi mdomo. "Mama amesema."

Nikamtafuta kuhani kwa macho. Sadaiyan alikuwa amesimama na sahani ya kafuri, na usoni mwake niliona kitu kibaya kuliko imani. Niliona nafuu. Sikukuu yake ya kwanza, na jiwe limepata mtu.

"Kuhani, waambie."

Hakuwaambia. Alizungusha moto mbele yangu, kulia kwenda kushoto.

Hapo ndipo nilipokumbuka namna Sellayi anavyoisimulia habari ya jiwe. Mama yangu husimulia kwamba alikuwapo msichana wa mji huu, zamani za ugonjwa, aliyejitolea kukaa mpakani na wagonjwa waliotolewa nje, na kwa upendo wake akageuka jiwe. Ni hadithi nzuri, huwafanya watoto walale. Sellayi huisimulia tofauti. Husema msichana alipanda mpakani kumfikishia mtu chakula, na alipotaka kushuka, wa huku walimwambia hapana, utatuletea ugonjwa, na wa kule wakamwambia hapana, utatuletea ugonjwa. Wakawa wanamletea maua. Kila alipolia ashushwe, walizidi kumletea maua.

Niliyatazama maua magotini pangu. Yalikuwa yameshakuwa mengi.

Watu wakapisha njia, na Sellayi akaja. Alikuwa amembeba mjukuu wake. Alimleta kutoka kitandani, amefungwa shuka la manjano, uso haupo, ni malengelenge matupu, mengine yamepasuka na kuchuruzika. Sellayi huyu aliyenitania kila siku ya maisha yangu hakunitazama usoni.

"Shangazi," nikasema. "Shangazi Sellayi, usije. Nina mtoto mchanga hapa."

"Wewe ndiye uliyempa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, nyenyekevu na ya kutisha. "Wewe ndiye wa kumwondolea."

"Mimi nimekupa nini? Shangazi, ni mimi! Uliniambia jana pua yangu inafanana na kifuniko cha chungu! Ni mimi!"

Akamweka. Akamlaza mjukuu wake mapajani mwangu, upande wa mwanangu, kichwa chenye malengelenge kikagusa kanga ya Kuyili. Nikamnyanyua Kuyili juu begani kwa mkono mmoja, naye akaachia titi akalia kwa nguvu, kilio kinene sasa, kilio chenye maziwa. Yule mjukuu wa Sellayi alinitazama kwa jicho lake moja lililoweza kufunguka. Mwili wake ulikuwa unawaka. Hakuwa na kosa lolote. Nilitaka kumsukuma na sikuweza. Nyuma ya Sellayi nilimwona mama mwingine anakuja na mtoto mwingine, na shuka jingine la manjano.

Sikuweza kumwondoa kwa mkono mmoja, na hakuna mtu wa Aalankurichi angechukua kitu kilichowekwa juu ya lile jiwe.

Mama yangu alichukua.

Alikuja akichechemea, akauvuka mstari wa chokaa kwa goti lake bovu, akaingiza mikono chini ya yule mtoto, akamwondoa mapajani mwangu kama mtu anayeondoa sufuria jikoni. Watu wakaguna. Akamshika mgonjwa kifuani, malengelenge yakamgusa shingo, akageuka akasimama kati yangu na wao.

"Shuka," akaniambia bila kugeuza uso. "Kule. Shuka upande wa kule."

"Mama, uzi..."

"Uzi nilikufunga mimi. Shuka!"

Nikashuka upande wa kule.

Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Ardhi ipasuke, mikono inikamate. Ngoma zilinyamaza. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Sadaiyan, imepanda juu kama ya mvulana: "Asiguswe! Mama ametoka! Pisheni, Mama ametoka mjini!" Halafu ule mvumo wa watu wengi wanaolala kifudifudi kwa pamoja, nguo na magoti na bangili. Niligeuka mara moja. Tuta zima lilikuwa migongo. Aliyesimama alikuwa Mama peke yake, na mtoto wa watu begani, ananiashiria kwa kidevu: nenda.

Nilitembea. Njia ya Sennivayal inapita kati ya mashamba ya mpunga, haina kivuli hadi kwenye kisima cha pampu. Kuyili alikuwa amelala begani, mzito, shavu limejaa, anatoa ile harufu yake ya mtindi. Nilipofika kisimani nikamlaza kwenye ukingo wa saruji, nikamfungua nguo, nikamkagua. Tumbo. Makwapa. Nyuma ya masikio. Kati ya vidole. Ngozi ilikuwa safi. Nikamkagua tena kuanzia mwanzo, maana najua malengelenge hayatoki siku hiyo hiyo. Hukaa ndani, hujificha, hutoka baadaye wakati umeshasahau. Kisha nikajitazama mikono yangu mwenyewe. Nayo ilikuwa laini. Ilikuwa laini mno, na hilo lilinitia baridi.

Vaithi alikuwa amesimama nyuma. Njia nzima alikuwa nyuma. Nilidhani analia na hataki nimwone.

"Hebu mshike kidogo," nikamwambia. "Mikono imekufa ganzi. Nataka kunawa uso."

Hakusogea.

"Baba Kuyili. Mshike mtoto."

Ndipo nilipoona kwamba amevua viatu. Alikuwa amevishika mkononi, na lami ya njia ile saa kama ile huunguza hadi ng'ombe. Nyayo zake zilikuwa zinacheza kwa maumivu, moja baada ya nyingine, lakini hakuvivaa.

"Nikimshika," akasema taratibu, macho chini, "utaniruhusu?"

"Niruhusu nini? Ni mwanao! Vaithi, acha upuuzi!"

Nilikuwa nimemwita kwa jina. Mke hamwiti mumewe kwa jina kwetu, na siku nyingine yoyote angeruka, angeuliza mama yangu amenilisha nini. Safari hii aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepokea agizo.

"Ndiyo, Mama," akasema. Alilitamka kama wanavyolitamka wale wa tutani, kwa pumzi, viganja vikiwa vimekutanishwa kifuani na viatu vikining'inia katikati.

"Mimi ni Poongodi," nikamwambia. "Nitazame. Mimi ni Poongodi."

"Ndiyo," akaitikia, na hakuinua macho.

Kuyili aliamka, akaanza kutafuta tena. Nikaketi kwenye ukingo wa kisima nikamnyonyesha. Pampu ilikuwa inanguruma. Vaithi alibaki amesimama juani, mbali kiasi cha adabu, akisubiri nitakaposimama ndipo naye atembee.